UZI: Kabla hatujapigania bwawa kubwa, tuongee kuhusu mitaro ya Ukambani

1/
Kila msimu wa kampeni, na kila msimu wa njaa, tunarudi kwa ubishi ule ule. Upande mmoja unasema: "Tutawajengea bwawa kubwa, shida ya maji iishe." Upande wa pili unajibu: "Watu wa huko wamezoea chakula cha msaada, hata ukiwapa maji watalala." Halafu sisi huku mtandaoni tunagawanyika, tunatusiana siku mbili, mvua inanyesha, tunasahau.

Leo nataka tuongee polepole. Huu ni uzi wa historia. Kama kawaida ya hapa, sitataji mwanasiasa wala chama. Ukiniuliza "unamaanisha nani?" jibu langu ni moja: namaanisha hilo swali lenyewe. Chukua chai, ni mrefu.

2/
Nianze na nyumbani, ndiyo mjue siongei kama mtalii. Kwetu ni Ukambani, kwa vilima. Disemba iliyopita tuliitwa kikao cha familia. Shamba la babu linagawanywa kwa watoto wake sita, na katikati ya hilo shamba kuna korongo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalivuka kwa kuruka. Siku hizi punda akitumbukia humo, humtoi bila kamba na wanaume wanne.

Kikao kilikwama hapo. Kila mmoja alitaka mpaka upite mbali na korongo. Hakuna aliyetaka kulirithi. Mzee mmoja akauliza kwa upole: "Sasa hili shimo ni la nani?" Tukanyamaza wote.

Nilirudi Nairobi na hilo swali kichwani. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyopata.

3/
Kwanza, elewa nchi yenyewe. Ukambani ni vilima na nyanda kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: ile ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Disemba, ambayo kwa mkulima wa huko ndiyo ya kutegemewa zaidi. Shida si kwamba mvua hainyeshi kabisa. Shida ni kwamba inakuja kwa siku chache, kwa nguvu, ikiangukia udongo ulio wazi baada ya miezi ya kiangazi. Maji hayapati muda wa kuingia ardhini. Yanateremka, yanabeba udongo, yanaingia mtoni, yanaenda zake. Baada ya wiki mbili unachimba mto kwa mikono kutafuta maji ya kunywa.

Kwa hivyo swali la Ukambani limekuwa hili tangu zamani: unayashika vipi maji yanayokupita mlangoni?

4/
Watu wengi wanaamini mmomonyoko uliletwa na "ufugaji wa kizamani." Hiyo hadithi tulirithi kutoka kwa mkoloni, na ina nusu ya ukweli tu.

Serikali ya kikoloni ilichora mipaka ya "rizavu" mwanzoni mwa karne ya 20. Ardhi nzuri kama vilima vya Mua ikaenda kwa walowezi. Malisho ya Yatta, ambayo watu walizoea kuhamia na mifugo wakati wa ukame, yakahesabiwa kuwa ya serikali. Zamani ardhi ikichoka ulihama, ukaiacha ipumzike. Sasa watu na ng'ombe wamefungiwa ndani ya mpaka mmoja, na idadi inaongezeka. Ardhi haikupumzika tena.

Ukimfungia mtu ndani ya chumba kimoja na familia yake yote, usije baadaye kumlaumu kwamba chumba kimechafuka.

5/
Mwanzo wa miaka ya 1930 kukaja nzige, ukame, na mdororo wa uchumi wa dunia. Vilima vya Machakos vikabaki uchi. Mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, aliandika ripoti kali sana kuhusu rizavu ya Machakos. Picha aliyochora ni ya nchi inayoelekea kuwa jangwa na watu wake kuwa maskini wa kutupwa.

Jueni, hakuwa anabuni. Makorongo yalikuwepo. Picha za wakati huo zipo, na zinatisha. Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Dawa ndiyo ilileta balaa.

6/
Dawa ilikuwa: punguzeni ng'ombe. Kwa nguvu. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuchukua mifugo na kuiuza mnadani kwa bei ya kutupa. Na kuna jambo watu hawakulikosa kuliona: Athi River palikuwa pamefunguliwa kiwanda cha nyama, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wengi wa bei ya chini.

Sasa jiweke pahali pa mkulima wa wakati huo. Ng'ombe ndiye benki yako, mahari ya mtoto wako, bima yako mvua ikikosa. Mtu aliyekupunguzia ardhi anakuja kukwambia una ng'ombe wengi kuliko ardhi yako. Halafu anawachukua. Halafu ana kiwanda cha kuwanunua.

7/
Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakafunga safari hadi Nairobi. Wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa, wakisema hawaondoki hadi gavana awasikilize. Kiongozi wao alikamatwa na kupelekwa Lamu. (Sheria ya hapa ni kutotaja majina ya wanasiasa, na yeye alikuwa mwanasiasa. Lakini kama umewahi kutembea katikati ya Nairobi, barabara yenye jina lake ushaipita.)

Mwaka haukuisha kabla serikali kurudi nyuma. Uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Watu walishinda.

Ila udongo uliendelea kuteremka.

8/
Hapa ndipo naomba tusimame kidogo, kwa sababu ubishi wetu wa leo unapotelea hapa. Mambo mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja. Ardhi ilikuwa inakufa. Na serikali ilikuwa inawadhulumu watu kwa jina la kuiokoa ardhi.

Ukishika moja uache lingine, utaishia kuwa mmoja wa hao wanaopiga kelele bila kufika popote. Mmoja anaona ng'ombe tu, mwingine anaona dhuluma tu, na korongo halina chama. Linaendelea kuchimbika.

9/
Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ikarudi na mpango wa miaka kumi kuanzia 1946. Ndani yake kukatoka idara iliyokuja kujulikana kama ALDEV. Pesa nyingi zilielekezwa Machakos: kufunga malisho ili nyasi ziote, kuchimba silanga, na zaidi ya yote, kuchimba mitaro kukata miteremko.

Kazi ilikuwa ya lazima. Unapangiwa siku za wiki, chifu anasimamia, usipofika unatozwa faini. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kwa ajira Nairobi na mashambani kwa walowezi, jembe lilibaki mikononi mwa wanawake.

Jirani zetu wa Murang'a walipitia hayo hayo. Mwaka 1947 na 1948 wanawake wa huko waligoma waziwazi kuchimba matuta. Walienda kwa afisa wa wilaya kumwambia uso kwa uso kwamba hawachimbi. Kumbuka hili ukisikia mtu akisema wanawake wa vijijini "hufuata tu."

10/
Sasa inakuja sehemu ambayo vitabu vyetu vya shule hupita haraka. Miaka ya 1950, Machakos, mbinu ikabadilika. Badala ya kulazimisha kwa amri ya chifu peke yake, kazi ikaanza kupitia mwethya.

Kwa wasiojua: mwethya ni desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi. Leo tunajenga kwangu, kesho tunapalilia kwako. Haikuletwa na mzungu. Ilikuwepo. Vikundi vikapewa nafasi ya kuchagua viongozi wao, na wengi wa wanachama walikuwa akina mama. Wakaanza kuchimba wanapoona wao panafaa, na kwa mtindo wanaoutaka wao.

Lazima niwe mkweli: bado kulikuwa na shinikizo, na ilikuwa miaka ya hali ya hatari nchini. Haikuwa raha. Lakini tofauti kati ya kuchimba shamba la mtu usiyemchagua na kuchimba la jirani atakayekuja kwako Jumatano ni kubwa.

11/
Mtindo wenyewe je? Maafisa mwanzoni walipendelea mitaro myembamba ambayo udongo wake unatupwa chini ya mtaro. Rahisi kuchimba, lakini mvua mbili tatu inabomoka.

Ule uliokubalika na wakulima ni kinyume chake. Unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, kama futi mbili upana na futi mbili kina, halafu udongo unautupa JUU. Ni kazi ngumu, mgongo unalia. Lakini tuta linalotokea juu ya mtaro linazuia udongo unaoteremka. Mwaka hadi mwaka udongo unajijaza nyuma yake, na mteremko unageuka kuwa ngazi za shamba tambarare. Juu ya tuta unapanda nyasi, ng'ombe anakula. Ndani ya mtaro unapanda ndizi au mipapai, inakunywa maji yaliyokwama.

Unaitwaje? Fanya juu. Hivyo hivyo. Ukisoma leo vitabu vya wataalamu wa udongo vya Kiingereza, utakuta wameandika "fanya juu" kwa Kiswahili chetu, kwa sababu dunia ilijifunza neno hilo kutoka huku.

12/
Na kuna sababu nyingine watu walianza kuchimba kwa moyo: kuchimba kulianza kulipa. Kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kulima kahawa. Miaka ya 1950 wakulima wa Machakos wakaanza kuruhusiwa, na kahawa ililazimu shamba lenye matuta. Ukiwa na soko na ruhusa, mtaro si adhabu tena. Mtaro ni mtaji.

Wekeni hii akilini, tutairudia.

13/
Uhuru ukaja 1963. Na hapa ndipo familia yangu inaingia.

Babu yangu alikuwa amechimba mitaro ya lazima akiwa kijana. Alipigwa kiboko mara moja kwa kuchelewa. Uhuru ulipofika, alichukua ng'ombe na plau akalima juu ya matuta yote upande wa chini wa shamba, akayasawazisha. Susu, nyanya yangu, alitusimulia kwamba siku hiyo babu alikuwa akiimba. "Hii ilikuwa mitaro ya mzungu," alisema. "Mzungu ameenda, na mitaro yake iende."

Hakuwa peke yake. Mwanzo wa miaka ya 1960 sehemu nyingi za nchi matuta yaliachwa au kulimwa. Sikuwahi kumlaumu babu. Mtu akikuchapa na kitu kizuri, utakichukia hicho kitu hata kama ni kizuri.

Lakini korongo letu lilianzia upande huo huo wa chini.

14/
Miaka ya 1970 watu wenyewe wakarudi kwa mitaro. Ukame wa katikati ya muongo huo uliwafunza. Serikali nayo ikarudi kwa njia nyingine: kuanzia 1974 kukawa na mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Uswidi, na mwaka 1978 ukaanza mpango wa maendeleo wa wilaya ya Machakos uliofadhiliwa na Jumuiya ya Ulaya. Safari hii hakuna kiboko. Kulikuwa na maafisa wa kilimo wanaopima usawa na kutoa ushauri, vifaa kidogo, na mwethya.

Susu alijiunga na kikundi. Akina mama ishirini hivi, siku mbili kwa wiki, wanaimba wakichimba. Walirudisha karibu mitaro yote ambayo babu alikuwa ameifuta. Babu alikaa chini ya mti akitazama, hakusema kitu. Mwaka uliofuata, susu anasema, alimkuta akirekebisha tuta kwa jembe lake mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajaamka.

15/
Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki. Walifuatilia Machakos ya zamani (ikiwemo Makueni ya leo, iliyotengwa 1992) tangu miaka ya 1930 hadi 1990. Walichokuta kiliwashangaza wengi. Watu waliongezeka kutoka kama 240,000 hadi kama milioni 1.4. Karibu mara sita. Kwa hesabu ya ile ripoti ya 1937, hapo pangekuwa jangwa tupu.

Lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua. Miti ilikuwa mingi zaidi. Sehemu kubwa ya mashamba ilikuwa na matuta. Na thamani ya mazao kwa kila mtu ilikuwa imepanda zaidi ya mara tatu, bei zikilinganishwa sawa.

Kwa hivyo ukisikia mtu kwa mdahalo akisema "shida ya sehemu kame ni watu kuzaana," mwambie aende Machakos kwanza.

16/
Sasa msinibebe na kunipeleka mbali. Kuna wataalamu waliokipinga kitabu hicho, na wana hoja. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na mtu Nairobi mwenye mshahara wa kutuma nyumbani. Pesa ya mitaro, ya ng'ombe wa maziwa, ya miche, nyingi ilitoka kwa ajira. Wasio na hiyo waliuza vipande vya ardhi au walisukumwa kwenda sehemu kavu zaidi, wakaanza upya mahali pagumu kuliko walikotoka. Wastani huficha mambo. Jirani akila kuku wawili na wewe ukose, kwa wastani mmekula mmoja mmoja.

Na Machakos iko karibu na Nairobi. Barabara, soko, shule. Huwezi kuchukua hadithi hii ukaipachika Turkana au Mandera, mahali ambapo maisha ni ya kuhama na mifugo, ukategemea jibu lile lile. Huko kuhama ndiko maarifa yenyewe.

17/
Turudi kwa maji. Ukambani kuna kitu kingine ambacho sasa watu huja kujifunza kutoka mbali: bwawa la mchanga.

Unatafuta mto wa msimu wenye mwamba chini. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, uliokaa imara juu ya mwamba. Mvua ikija, mto unaleta mchanga na tope. Tope ni jepesi, linapita juu ya ukuta. Mchanga ni mzito, unabaki. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta kumejaa mchanga hadi juu.

Mgeni atasema, "Bwawa limeharibika, limejaa mchanga!" La hasha, ndivyo linavyotakiwa. Katikati ya chembe za mchanga kuna nafasi, na robo hadi asilimia 40 ya ujazo huo inaweza kuwa maji. Jua haliyafikii, mbu hazai humo, ng'ombe hawachafui. Unachimba kisima kando au unaweka bomba, unateka. Na maji yanasambaa chini ya ardhi kwa kingo, miti inarudi.

Baadhi yalijengwa tangu enzi za ALDEV. Mwaka 1978 kikundi cha Utooni kule Machakos kikaanza kazi ya kujitegemea iliyokuja kujulikana kwa mabwawa haya, na kuanzia miaka ya 1990 Kitui kukajengwa mamia. Wanakijiji wanaleta mawe, mchanga, maji na nguvu. Mfadhili analeta saruji na fundi.

18/
Sasa sikia vita yenyewe. Huo mchanga unaoshika maji ndio mchanga unaojenga Nairobi. Kila ghorofa unaloliona likipanda, mchanga wake umetoka mahali. Malori yanaingia mtoni usiku, yanabeba, yanaondoka. Anayelipwa ni kijana wa kupakia, dalali, na yeyote "anayelinda" hiyo biashara. Anayelipa ni mama anayetembea na mtungi mwaka unaofuata, kwa sababu mto umebaki mwamba mtupu na maji yamepita moja kwa moja.

Watu wameuana kwa sababu ya huu mchanga. Si mchezo.

Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga, yenye mamlaka yake ya kusimamia: wapi pachimbwe, kiasi gani, pesa irudi vipi kwa jamii. Unaweza kubishana kuhusu jinsi inavyotekelezwa. Lakini hilo ndilo swali la siasa la kweli. Nani anamiliki mchanga wa mto: aliye na shamba kando yake, kijiji kinachokunywa, au mwenye lori?

19/
"Lakini hivi vitu ni vidogo, tunahitaji mabwawa makubwa." Sawa, tuyajadili, sipingi.

Masinga ilifunguliwa 1981 kwenye mto Tana, iliundwa kubeba maji ya ujazo wa mita milioni 1,560. Tangu hapo udongo umekuwa ukiingia ndani yake, na kila tani ya udongo inachukua nafasi ya maji. Huo udongo unatoka wapi? Unatoka kwa mashamba ya juu yasiyo na matuta. Korongo kama letu, mara elfu.

Ndiyo maana mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo watumiaji wakubwa wa maji huchangia ili wakulima wa juu wachimbe matuta na kupanda nyasi za kuzuia udongo. Hesabu ni rahisi: kumsaidia mkulima azuie udongo shambani ni nafuu kuliko kuutoa bwawani.

Kwa hivyo "bwawa kubwa ama mitaro midogo" ni swali baya. Bwawa kubwa bila mitaro ni debe unalojaza udongo kwa mkopo.

20/
Sasa kazi ya nani? Hapa wanasiasa hurushiana mpira, na sisi tunashangilia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Jedwali la Nne linagawa kazi. Ulinzi wa maji kwa jumla, ujenzi mkubwa wa mabwawa na usalama wake ni serikali ya kitaifa. Huduma za maji na usafi ni kaunti. Na kutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi udongo na maji ni kaunti. Imeandikwa.

Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikuahidi bwawa kubwa la mto wa kitaifa, muulize kwa heshima: na mitaro je, ambayo ndiyo kazi yako? Na wa kitaifa akilaumu kaunti kwa bwawa lililokwama, muulize pia.

21/
Na tusidhani tuna muda. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo sehemu za kaskazini na mashariki. Mifugo ikafa kwa mamilioni. Halafu mwaka 2024, Aprili na Mei, mafuriko yakaua mamia ya watu. Watu wale wale, nchi ile ile, kwanza kiu halafu mafuriko.

Ukitazama vizuri, hayo si majanga mawili. Ni maji yale yale, hatukuyashika.

22/
Nirudi kwa kikao cha familia, kwa sababu niliwaacha hapo.

Nilipoanza kusoma nilidhani nitapata mtu wa kulaumu. Kiboko cha mkoloni kipo. Plau ya babu ipo. Lakini nilipoenda kulitembea korongo kutoka chini hadi juu, nilikuta kitu ambacho hakuna aliyekitaja kikaoni. Juu kabisa kuna barabara ya murram iliyopanuliwa miaka michache iliyopita. Mtaro wa barabara unamwaga maji yote ya mlima hapo, kwa shimo moja, kuingia kwetu. Aliyejenga alimaliza barabara, akapigwa picha, akaenda. Maji hakuyapangia mahali pa kwenda.

Na mimi? Nilikuwa mmoja wa walioshangilia hiyo barabara huku mtandaoni. Niliweka picha. Niliandika "maendeleo."

23/
Aprili tulikaa tena. Nilipendekeza korongo lisiwe la mtu mmoja: libaki la familia, kila mwenye kipande achangie siku za kazi na pesa ya mawe, na tuandike barua kaunti kuhusu mtaro wa barabara. Watano wakakubali. Wa sita, mwenye kipande kinachogusa mto, hakukubali. Dalali wa mchanga ameshamfikia. Ana mtoto anayeingia chuo na hana karo.

Siwezi kumwita mjinga. Ni hesabu ile ile ya kahawa niliyowaambia muikumbuke: watu hutunza ardhi inapowalipa, na huiuza inapokuwa ndiyo njia iliyobaki. Mpaka sasa tumekubaliana tu kuchanga karo ya muhula wa kwanza ili asubiri. Muhula wa pili sijui.

Susu hayupo tena. Lakini matuta ya kikundi chake yapo, yana miaka zaidi ya arobaini, na mahindi ya mwaka huu yameota juu yake.

24/
Kwa hivyo mkienda kwa mikutano, au mkiingia hapa kubishana, ulizeni haya:

Udongo wa juu ya bwawa mnalojenga utazuiwa vipi, na pesa yake iko kwa bajeti gani?
Kila barabara mpya ya murram, maji yake yanaelekezwa wapi?
Wadi yetu ina maafisa wa kilimo wangapi wanaofika shambani, na wa mwisho alikuja lini?
Mchanga wa mto wetu unauzwa kwa idhini ya nani, na kijiji kinapata nini?
Kikundi cha akina mama kikitaka saruji ya bwawa la mchanga, kinabisha mlango gani?

Hakuna hata moja hapo linalohitaji ujue chama cha mtu.

25/
Nimemaliza. Barua ya mtaro wa barabara tumeipeleka, tumegongewa muhuri, tunangoja jibu. Likija nitaongeza hapa chini, liwe zuri au baya.

Kama kwenu kuna korongo, andika limeanza mwaka gani na maji yake yanatoka wapi. Tembea hadi juu kabisa kabla hujajibu. Mimi nilingoja miaka mingi kabla ya kutembea huko.